Kabla Hujaliita Kifusi, Uliza Mawe Hayo ni ya Nani

Miaka kadhaa iliyopita, mwenzangu anayefundisha historia aliniomba niandamane na wanafunzi wake hadi upande wa Kisauni. Kazi yao ilikuwa kutembea katika viwanja ambavyo havijajengwa bado, kutafuta alama za makazi ya kale, na kuziandika kabla ya tingatinga kuwahi. Kazi yangu mimi ilikuwa nyepesi: kuwasaidia kuwauliza wazee maswali kwa lugha inayoeleweka. Mwanafunzi aliyezoea lugha ya darasani akimwendea bibi wa Mtopanga na kumuuliza habari za "masalia ya kiakiolojia", atajibiwa kwa kicheko, na haki yake.

Jua lilikuwa la utosi. Tulifika kwenye kiwanja kimoja chenye nyasi za magotini na mbuyu pembeni. Katikati ya nyasi palikuwa na mawe yaliyolundikana. Msichana aliyeshika fomu akaniuliza, "Prof, hapa tuandike nini?" Nilitupa jicho mara moja, nikajipangusa jasho, nikasema, "Andika kifusi. Twende zetu."

Kumbe palikuwa na bi mkubwa barazani kwa nyumba ya jirani, anasuka ukili, masikio yote kwetu. Akaita, "Mwalimu, mwaandika nini hapo?"

"Shikamoo, bi mkubwa. Twaandika kifusi."

"Marahaba. Kifusi cha nyumba ya nani?"

Nilinyamaza. Nimefundisha semantiki, yaani taaluma ya maana za maneno, kwa zaidi ya miaka 30, na mama yule alikuwa amenikamata kwa swali la maneno matano. Kifusi, msomaji wangu, ni mawe na udongo wa jengo lililobomoka, au udongo unaomwagwa kujaza shimo. Ukisema kifusi, umekwisha kudai kwamba palikuwa na jengo na kwamba jengo hilo limekufa. Mimi sikuwa na ushahidi wa jengo lolote. Nilikuwa nimeona mawe tu.

Swali lile ndilo nataka tulitafakari leo.

Kazi ya kusoma mawe ya kale ina hatua mbili: kurekodi na kufasiri. Kurekodi ni kuandika kile ambacho jicho linaona na kamba ya kupimia inathibitisha: mawe yako wapi, mangapi au kiasi gani, yamekaaje, urefu, upana na kimo chake. Kufasiri ni kueleza yana maana gani: nani aliyaweka, lini, na kwa nini. Hatua ya kwanza yapasa kutangulia ya pili. Ila lugha ina ujanja wake, maana mara nyingi neno la kwanza tunaloliandika kwenye fomu tukidhani tunarekodi, huwa tayari ni fasiri.

Nifungue mabano hapa kidogo. Maneno fasiri na tafsiri yametoka kwenye shina moja la Kiarabu. Kwa Kiarabu, tafsiri hasa ni ufafanuzi wa maana. Ndiyo sababu kitabu kinachofafanua aya za Kurani huitwa tafsiri hata kama kimeandikwa kwa Kiarabu kitupu na hakuna lugha ya pili iliyoguswa. Katika Kiswahili cha leo, tafsiri imeelekea zaidi kwenye kugeuza matini kutoka lugha moja hadi nyingine, na anayefanya kazi hiyo tunamwita mfasiri. Hapa nalitumia neno kufasiri kwa maana ile kongwe ya kufichua kinachokusudiwa. Lakini hiyo maana ya pili nayo inatufaa. Mfasiri mzuri hagusi kalamu kabla ya kuisoma matini asilia kutoka mwanzo hadi mwisho. Matini asilia ya mtu anayesoma mawe ni mawe yenyewe, jinsi yalivyolala.

Sasa tuangalie maneno tuliyo nayo. Kiswahili si maskini katika jambo hili. Shida yetu ni wingi. Tuna rundo, au lundo kama wengine wasemavyo, ambalo ni vitu vilivyowekwa kimoja juu ya kingine bila mpango maalumu. Tuna fungu, na hili lina hesabu na kugawa ndani yake. Nenda soko la Kongowea uone nyanya zinavyopangwa mafungu. Tuna biwi, ambalo ni la takataka na majani yaliyokusanywa yachomwe. Tuna tuta, ambalo linamtaka mkulima. Tuna kichuguu, ambacho ni cha mchwa. Tuna gofu, ambalo ni jengo lililohamwa na bado lina kuta zilizosimama. Tuna kifusi, nilichokwisha kukieleza kwa aibu yangu. Na tuna kaburi na mzimu, maneno mazito ambayo ukiyatamka watu huvua viatu au hushusha sauti.

Tuna pia chungu. Hili wanafunzi wangu hulikosea kila mwaka. Chungu cha kupikia kimo katika ngeli ya KI-VI: chungu kimevunjika. Chungu ya vitu vilivyolundikana imo katika ngeli ya I-ZI: chungu ya mawe imeporomoka. Ndiyo maana tunasema "watu chungu nzima" wala hatusemi "chungu kizima". Mwanafunzi akiniandikia "chungu cha mawe" kwenye fomu ya mambo ya kale, atakayeisoma Nairobi au Dar es Salaam atatafuta chombo cha udongo kilichojaa mawe. Kosa la upatanisho wa kisarufi limezaa kosa la historia.

Kila neno katika hayo linasimulia asili ya kitu. Fungu lina mgawaji, tuta lina mkulima, kifusi kina jengo, kaburi lina maiti. Lenye madai machache kabisa ni rundo. Kwa hiyo pendekezo langu kwa wote wanaokwenda uwandani ni hili: safu ya kwanza ya fomu iandikwe "rundo la mawe", na vipimo vyake. Safu ya pili, iliyo mbali na ya kwanza, iandikwe fasiri, nayo iandikwe kwa penseli.

Tatizo hili si la Kisauni peke yake. Kule Uskoti, kwenye vilima vya nyasi, ukungu na upepo wa baridi, kuna marundo ya mawe kwa maelfu. Wenye lugha ya Kigaeli huliita rundo la namna hiyo càrn, na Kiingereza kikalichukua neno hilo na kuliandika cairn. Neno hilo moja limebeba mizigo mingi. Kuna rundo lililofunika kaburi la maelfu ya miaka iliyopita. Kuna rundo la kumwonyesha njia mpita milima asipotee ukungu ukishuka. Kuna rundo la kileleni ambalo kila apandaye huongeza jiwe lake moja. Na kuna rundo la mkulima aliyeondoa mawe shambani ili apate pa kulima, akayatupa pembeni.

Ukiyatazama kwa mbali, hayo yote ni mamoja. Watafiti wa zamani walipoyakuta marundo madogo madogo mengi kwenye mteremko mmoja, aghalabu waliona makaburi. Uchunguzi wa baadaye ukabaini kwamba mengi yao ni mawe ya shambani tu, kazi ya mikono ya wakulima. Habari hiyo ilikuwa na thamani yake pia. Palipodhaniwa kuwa pa wafu pakaonekana palikuwa pa walio hai, watu waliolima mahali ambapo leo hapaoti kitu ila nyasi. Serikali iliunda tume ya kuorodhesha kumbukumbu za kale za Uskoti mwaka 1908, na orodha za namna hiyo hazifungwi: zinaendelea kurudiwa na kurekebishwa. Na kurekebisha kunawezekana tu kwa sababu waliotangulia waliandika vipimo. Fasiri yao ilikosea, rekodi yao ikabaki kuwa ya kweli.

Tusiende mbali. Hapa hapa Kenya, magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna mahali paitwapo Namoratunga, penye nguzo 19 za mawe zilizosimikwa ardhini. Kwa Kiturkana jina hilo huelezwa kuwa ni watu wa mawe, na ipo hadithi ya wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe papo hapo. Mwaka 1978, watafiti wawili kutoka Marekani, Lynch na Robbins, walichapisha makala wakidai kwamba nguzo zile zilipangwa kwa kufuata nyota ambazo Waborana huzitumia katika kalenda yao. Dunia ikashangilia. Miaka minne baadaye Robert Soper akapima upya, akaonyesha kwamba mawe yale yana sumaku inayoivuruga dira, hivyo baadhi ya vipimo vya awali havikuaminika. Mjadala ukaendelea, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba nguzo zile ni za kale kuliko ilivyodhaniwa mwanzo.

Tazama palipoanzia hitilafu. Fasiri ilikuwa tamu, lakini rekodi iliyokuwa chini yake ilikuwa na ufa, na ufa wenyewe ulisababishwa na mawe yaliyokuwa yakipimwa.

Eneo hilo hilo la Turkana linatupa mfano wa kazi iliyokwenda polepole ikazaa tunda. Pale Lothagam Kaskazini wafugaji wa kale walijenga jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30 hivi, na pembeni yake pana duara za mawe na marundo. Matokeo ya uchimbaji yalichapishwa mwaka 2018. Chini ya jukwaa palikuwa na shimo kubwa la kuzikia, na watafiti walikadiria kwamba lilipokea watu wasiopungua 580, wanawake kwa wanaume, wazee kwa watoto, kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita. Karibu wote walizikwa na mapambo, bila dalili ya mkubwa kutengwa na mdogo. Wataalamu walikuwa wamezoea kusema kwamba majengo makubwa ya kumbukumbu huhitaji mfalme wa kuyaamrisha. Mawe ya Turkana yakasema hapana, hata watu walio sawa wanaweza kujenga pamoja.

Basi turudi nyumbani, bara ya Mombasa. Ukitembea Likoni, Kisauni au Changamwe ukakuta rundo, utaanzia wapi?

Anza na jiwe lenyewe. Pwani yetu ina mawe ya namna mbili yatokanayo na matumbawe. Liko jiwe gumu la nchi kavu, lile linalochimbwa kwenye machimbo, ambalo ni matumbawe ya bahari ya kale yaliyokauka na kuwa mwamba. Na liko tumbawe bichi lililokatwa baharini, ambalo hukatika kwa urahisi likiwa na maji na hukauka likawa gumu. Mafundi wa zamani walilitumia hilo la pili kwa kazi ya nakshi: mihrabu, miimo ya milango, mapambo ya makaburi. Ukilikuta jiwe la namna hiyo mbali na ufuo, limechongwa ukingo, jua kwamba mkono wa fundi umepita hapo.

Halafu tafuta chokaa. Mawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa yalikuwa ukuta. Mawe yasiyo na chokaa hata chembe huenda hayakuwa ukuta kamwe. Na mawe yaliyoungua, yakawa meupe na mepesi, juu ya udongo mwekundu uliochomeka na makaa chini yake, hayo huenda ni tanuu ya kuchomea chokaa yenyewe. Zamani mafundi walipanga magogo, wakayapakia mawe ya matumbawe juu, wakatia moto, na mawe yaliyoiva yakamwagiwa maji yakawa chokaa ya kujengea na kupaka. Tanuu iliyokufa huacha rundo la mviringo ambalo asiyejua huliona kuwa kaburi la mtu mkubwa.

Pima pia mwelekeo. Mji wa Makka uko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Mombasa. Hivyo, kwenye pwani yetu kibla ni kaskazini, mihrabu za misikiti ya kale ziko ukuta wa kaskazini, na makaburi ya Waislamu hulala mashariki kwa magharibi, maiti kalazwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla. Rundo jembamba lililolala mashariki kwa magharibi lina haki ya kutiliwa shaka kwamba ni kaburi. Nasema shaka, sisemi hukumu, kwa kuwa hata mawe ya mkulima yanaweza kulala hivyo kwa bahati.

Usisahau vya pembeni: vigae vya vyungu, makombe ya kome na chaza, shanga, na miti. Mbuyu mkubwa mara nyingi husimama palipokuwa na watu. Piga picha, weka fimbo ya kipimo kwenye picha, chora ramani, andika tarehe. Usichimbe. Usiondoe jiwe hata moja kupeleka nyumbani kama ukumbusho. Jiwe lililoondolewa mahali pake ni kama neno lililonyofolewa kwenye sentensi: limebaki na sauti, maana imekwenda.

Kisha keti na wenyeji. Penye wazee haliharibiki neno, na mimi nimelithibitisha hilo kwa aibu. Lakini simulizi nayo hurekodiwa kwanza, hufasiriwa baadaye. Mnara wa Mbaraki, pale kisiwani, uliwahi kuelezwa kuwa ni kaburi la shehe wa Wachangamwe, mojawapo ya Taifa Tatu za Mombasa pamoja na Wakilindini na Watangana. Uchimbaji ulipofanywa ulionyesha kwamba karibu na mnara palikuwa na msikiti wa kale. Watu nao kwa vizazi walipaheshimu kama mahali pa kuombea haja. Kaburi, msikiti, mahali pa maombi: mtafiti mwenye haraka angechagua moja na kuyafuta mengine. Mwenye subira huyaandika yote matatu, kwa sababu mahali pamoja pana haki ya kuwa na zaidi ya maisha mamoja.

Ukibahatika, jiwe lenyewe litakuwa limeandikwa. Pale Gedi lipo kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399 Miladia, na tarehe hiyo moja imewasaidia wanahistoria kuliko kurasa nyingi za dhana. Hapo Nyali, ng'ambo ya kisiwa, alizikwa Rosina Krapf, mke wa mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyefariki Julai 1844 pamoja na mtoto wao mchanga. Krapf huyo ndiye mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kaburi lile linajulikana hadi leo, na kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu Krapf alikuwa mtu wa kalamu, aliandika. Wangapi walizikwa mwaka ule ule, kwenye bara ile ile, bila jina kuandikwa popote? Wao wana mawe tu. Tukiyaita kifusi, tumewazika mara ya pili.

Na kuna mawe ya zamani zaidi ya haya. Katika miaka ya 1980, wataalamu kutoka Japani wakiongozwa na Gentaro Omi walichunguza Mtongwe, huko Likoni, wakapata zana za mawe za watu wa enzi za kale mno, kabla ya chuma, kabla ya chokaa, kabla ya Kiswahili chenyewe. Wakazi wengi wa Likoni niliozungumza nao hawajawahi kusikia habari hiyo. Mtu hukanyaga kila siku njia ya kwenda kivukoni akidhani historia ya Mombasa iko kisiwani pekee.

Kwa sisi watu wa lugha, majina ya mahali nayo ni marundo ya mawe. Likoni ni liko na kiambishi ni: liko, au diko, ni mahali pa kupandia na kushukia chomboni. Mtu wa Likoni anayesimama foleni ya feri leo anafanya jambo ambalo jina la mtaa wake linalisimulia tangu kabla ya feri kuwapo. Kilindini ni penye kilindi, maji marefu, na bandari ikajengwa hapo kwa sababu ile ile iliyolizaa jina. Maweni haihitaji mwalimu. Ila si majina yote yanayokubali kufunguliwa kirahisi hivyo. Nimesikia watu wakilikata jina Changamwe vipande viwili na kulitungia hadithi papo hapo. Hapo nasihi subira ile ile: andika jinsi wenyeji wanavyolitamka, andika wanavyolieleza, kisha tia fasiri kwa penseli.

Sasa nimalizie kisa cha Kisauni. Bi mkubwa aliweka ukili wake chini, akaja nasi mpaka kwenye nyasi. "Hii ilikuwa tanuu," akasema, akionyesha mawe yale. "Babangu alikuwa fundi chokaa. Mimi nalikuwa mdogo, twakatazwa kukaribia." Msichana wetu akainama, akaonyesha mawe yaliyoungua, meupe kama unga, ambayo mimi sikuyaona kwa sababu sikuinama. Kisha bi mkubwa akapiga hatua kama kumi kuelekea mbuyu, akasimama. Palikuwa na mawe machache, rundo dogo jembamba ambalo hatukuwa tumeliona kabisa. Akasema kwa sauti ya chini, "Na huyu ni ndugu yangu. Hakutimiza siku saba."

Tulipima. Lilikuwa limelala mashariki kwa magharibi. Urefu wake haukufika mita moja.

Tuliifuta ile kifusi. Tukaandika: rundo la kwanza, la mviringo, mawe yaliyoungua, hakuna chokaa ya kushikanisha, fasiri, tanuu ya chokaa, kwa ushahidi wa mawe na wa jirani. Rundo la pili, jembamba, mashariki kwa magharibi. Fasiri, kaburi la mtoto, kwa ushahidi wa ndugu yake. Nakala moja ya ukurasa ule tulimwachia bi mkubwa mwenyewe.

Nilirudi baada ya mwaka hivi. Ukuta ulikuwa umezunguka kiwanja na nyumba inapanda. Tanuu haikuwapo, mawe yake yalikwenda kwenye msingi, na simlaumu sana fundi, maana jiwe ni jiwe. Lakini kwenye kona ya mbuyu ukuta ulikuwa umepinda. Umeingia ndani kidogo, ukaacha pembe nje, na pembe ile ilikuwa imefyekwa ikawa safi. Bi mkubwa aliniambia kwamba mwenye kiwanja alipokuja kupima, alimwonyesha ile karatasi. Jamaa aliisoma, akauliza, "Kaburi?" Akajibiwa, "Kaburi." Akamwambia fundi wake apinde.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile: kama karatasi ingesema kifusi, je, ukuta ungepinda? Kifusi huzolewa. Hakuna anayemwomba kifusi radhi.

Tangu mwaka 2006 tunayo sheria ya kitaifa kuhusu makavazi na turathi, nayo inamtaka anayevumbua mahali au kitu cha kale kuwajulisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mombasa utawapata Fort Jesus. Lakini sheria haina macho. Inategemea mtu aone, ainame, na apate neno lililo sahihi. Bara ya Mombasa inajengwa kwa kasi kila upande, na sina nia ya kuwazuia watu kujenga. Watu lazima walale mahali. Ombi langu ni dogo. Kama una kiwanja, au unapita kwenye kiwanja cha mwenzio ukaona mawe yamelundikana, toa simu yako upige picha, hesabu hatua, tazama yameelekea wapi. Kisha nenda barazani kwa jirani aliye mkongwe kuliko wote, umwamkie, umuulize swali lile ambalo bi mkubwa aliniuliza mimi: ya nani?

Ukishapata jibu, andika. Na kalamu iwe ya penseli.